Habari za Picha Zenye Kina Zionwazo bila Miwani

Msomaji mpenzi, kabla ya kuendelea, inua kidole chako mbele ya pua, umbali wa shubiri mbili. Fumba jicho la kushoto ukitazame. Kisha fumba la kuume ukitazame tena. Utaona kidole kimeruka kando, ingawa hukukisogeza hata kidogo. Watoto huuchezea mchezo huu uwanjani wakacheka. Lakini ndani yake umo msingi wa kazi iliyowashughulisha wataalamu kwa muda wa miaka karibu mia mbili. Katika makala haya twataka kueleza habari za kazi hiyo, yaani jinsi watu walivyotafuta picha yenye kina, ambayo vitu vyake vyaonekana kusimama karibu na mbali kama vilivyo, nayo ionekane kwa macho matupu bila miwani usoni. Twataka pia kuzilinganisha njia walizozivumbua. Maana kila njia ina faida yake na ina deni lake, na anayesifiwa faida tu bila kuambiwa deni amepewa nusu ya habari.

I. Macho mawili, picha mbili

Macho ya mtu mzima yameachana kama sentimita 6 tu. Umbali huo ni mdogo, lakini watosha kulifanya kila jicho lione picha yake mbali na mwenziwe. Jicho la kuume huona zaidi upande wa kuume wa kitu, na la kushoto huona zaidi upande wa kushoto. Akili huzipokea picha hizo mbili, huzilinganisha, na katika tofauti yake hupima kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Ndiyo sababu mtu aliyefumba jicho moja hupata taabu kutunga uzi katika tundu la sindano. Lakini picha iliyochorwa juu ya karatasi huyapa macho yote mawili habari ile ile moja. Hivyo akili hutambua mara moja kwamba kilicho mbele yake ni karatasi bapa, hata mchoraji awe hodari namna gani.

Aliyelithibitisha jambo hili alikuwa Mwingereza mmoja, jina lake Charles Wheatstone. Mwaka wa 1838 aliwaeleza wataalamu wa Royal Society, mjini London, habari za chombo alichokiita stereoskopi. Alichora picha mbili za kitu kimoja, moja kama kionwavyo na jicho la kuume, na moja kama kionwavyo na la kushoto. Kisha akaweka katikati vioo viwili vya kujitazamia, vilivyokaa mshazari, hata kila kioo kikapeleka picha moja kwa jicho moja. Mistari iliyokuwa imelala juu ya karatasi ikaonekana kusimama kama sanduku lenye pembe zake. Alitumia michoro ya mkono kwa kuwa ufundi wa kupiga picha ulikuwa haujatangazwa duniani. Ulitangazwa mwaka uliofuata, 1839.

Mwaka wa 1849 Mskochi David Brewster alikifanya chombo hicho kuwa kidogo kwa kutumia lenzi, na katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 watu wengi walikiona. Mwaka wa 1861 tabibu mmoja wa Marekani, Oliver Wendell Holmes, alifanyiza kingine chepesi cha kushikwa mkononi, wala hakutaka kukifunga kwa sheria kiwe mali yake peke yake. Kikaenea upesi katika nyumba za watu. Lakini kilikuwa na upungufu mmoja: mtu alipoweka uso wake chomboni, wenziwe walingoja. Mjerumani Wilhelm Rollmann alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine mwaka wa 1853, ya kuchora picha mbili moja juu ya nyingine kwa rangi mbalimbali, na kila jicho kutazama kwa kioo cha rangi yake. Kwa njia hiyo watu wengi waliweza kutazama pamoja, lakini kila mmoja hana budi kuwa na miwani.

Tangu hapo miwani ikawa kama kodi. Filamu iitwayo Avatar, iliyotoka mwaka wa 2009, ilijaza majumba ya sinema, na watu waliilipa kodi hiyo kwa furaha kwa muda wa karibu saa tatu. Makampuni yakatumaini ya kuwa watafanya vivyo hivyo nyumbani mbele ya televisheni. Hawakukubali. Mmoja amevaa miwani yake ya kusomea, naye hawezi kuvaa mbili. Mgeni ameingia, na miwani ya nyumba haitoshi. Mama yuko katika shughuli zake, hutazama na kuondoka. Hata kufika mwaka wa 2017 makampuni makubwa yote yalikuwa yameacha kufanyiza televisheni za namna hiyo. Basi swali la zamani likarudi na nguvu: je, yawezekana kuiondoa miwani usoni pa mtu na kuiweka juu ya picha yenyewe?

II. Njia ya ua wa fito

Fikiri umesimama mbele ya ua wa fito zilizoachana kidogo, na nyuma ya ua wamesimama watu wawili bega kwa bega. Ukisimama mahali pafaapo, jicho lako la kuume litamwona mmoja katika upenyo, na la kushoto litamwona mwingine. Ufito utamficha kila mtu asionwe na jicho lisilo lake. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Picha mbili hukatwa kuwa vipande vyembamba vya kusimama, vikapangwa kimoja cha kuume, kimoja cha kushoto, kimoja cha kuume, hata mwisho. Mbele yake huwekwa kioo chenye mistari myeusi iliyo kama fito.

Mfaransa Auguste Berthier aliliandika wazo hili mwaka wa 1896. Lakini aliyelifanya kuwa kitu cha kushikwa mkononi ni Frederic Ives wa Marekani, aliyefanyiza picha za namna hii mwaka wa 1901, na mwaka wa 1903 akapewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Njia hii ni rahisi, lakini tazama gharama yake. Kwanza, mistari myeusi hula nusu ya mwanga, au zaidi, na picha huwa na giza. Pili, kila jicho hupata nusu tu ya vipande, kwa hiyo picha hupungua uangavu wa mistari yake. Tatu, mtazamaji hana uhuru. Akisogeza kichwa kwa umbali ulio kati ya macho yake, jicho la kuume litapata picha ya kushoto na la kushoto litapata ya kuume. Hapo kilicho karibu kitaonekana kuwa mbali, na pua ya mtu itaonekana kudidimia usoni pake.

Jambo hili lilijaribiwa mbele ya umati wa watu huko Moscow. Fundi Semyon Ivanov alitengeneza pazia la sinema lenye nyaya nyembamba zipatazo 30,000, na mwezi wa Februari 1941 watu walikaa vitini wakatazama sinema yenye kina, wala hakuna aliyevaa miwani. Miezi michache baadaye vita vilifika nchi hiyo. Vita vilipokwisha, Ivanov aliweka matuta ya kioo mahali pa nyaya, na mwaka wa 1947 ikaonyeshwa filamu ya Robinson Crusoe, yule ambaye habari zake zimefasiriwa pia kwa Kiswahili. Watu walistaajabu kuona ndege na matawi yakielekea kwao. Lakini kila mtu alilazimika kutafuta mahali pafaapo kichwa chake, na akisha kupapata atulie asigeuke. Walikuwa wameondolewa miwani, wakafungwa shingo.

III. Njia ya matuta na ya jicho la nzi

Matuta hayo ya kioo ndiyo njia ya pili. Mkulima wa viazi ajua sura ya shamba lenye matuta. Fanya matuta hayo kuwa membamba kama uzi, na badala ya udongo yawe ya kioo au ya plastiki ing'aayo. Kila tuta ni lenzi ndogo ndefu. Chini ya kila tuta vimelazwa vipande vya picha, na tuta hupeleka kila kipande upande wake, hiki kwa jicho la kuume na hiki kwa la kushoto. Hapa hakuna mistari myeusi ya kula mwanga, na picha hung'aa. Mswisi Walter Hess, tabibu wa macho, alipewa hati ya uvumbuzi huu huko Marekani mwaka wa 1915. Ndiye aliyepata nishani ya Nobel mwaka wa 1949, lakini kwa kazi nyingine, ya kuchunguza ubongo. Wengi wetu tumepata kuishika kazi ya matuta bila kujua, maana kadi zile zenye mikwaruzo laini, ambazo ukizigeuza picha hubadilika au huonekana kuwa na kina, ni za ukoo huo. Mwaka wa 1964 gazeti la Look la Marekani liliwapelekea wasomaji wake picha ya namna hiyo, ya sanamu ya Thomas Edison.

Kabla ya Hess kupewa hati yake, mtu mwingine alikuwa amewaza mbali zaidi. Gabriel Lippmann, mtaalamu wa Paris, aliwaeleza wenzake wa Chuo cha Sayansi tarehe 2 Machi 1908 kwamba yafaa kutumia, si matuta, bali vilenzi vingi vya mviringo vilivyopangana kama jicho la nzi. Matuta huonyesha kina kwa mtu asogeaye kuume na kushoto tu. Jicho la nzi lingeonyesha pia kwa mtu ainukaye na ainamaye. Mwaka huo huo Lippmann alipewa nishani ya Nobel kwa kazi yake ya picha za rangi. Lakini wazo la jicho la nzi hakuliona likitimia, maana vifaa vya siku zake havikutosha. Alikufa melini mwaka wa 1921, akirejea kutoka Amerika ya Kaskazini.

Deni la njia hizi mbili ni deni la hesabu. Ukitaka watu wengi waone, kila mmoja mahali pake, huna budi kulaza picha nyingi chini ya kila lenzi. Lakini nafasi ni ile ile. Ni kama sufuria moja ya uji: wakija walaji tisa, kila bakuli litakuwa dogo. Mfano wake ni televisheni ya kampuni ya Toshiba iliyouzwa huko Japani mwishoni mwa mwaka 2010. Kioo chake kilikuwa na nukta za mwanga zaidi ya milioni 8. Kwa kuwa zilitolewa picha tisa za pande tisa, kila picha ilibaki na nukta kama 920,000 tu. Mnunuzi alilipia milioni 8, jicho lake likapata sehemu ya tisa.

IV. Njia ya hologramu

Njia ya tatu haikati picha vipande hata kidogo. Tupa mawe mawili katika ziwa lililotulia, utaona viwimbi vikikutana, na pale vikutanapo pana alama nyingi za kuinuka na kushuka. Mwanga nao husafiri kama mawimbi. Mwaka wa 1947 Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi katika mji wa Rugby huko Uingereza, alitambua ya kuwa mtu akiweza kuandika katika sahani ya picha makutano ya mawimbi hayo, kisha akamulika sahani hiyo, mawimbi yale yale yatatoka tena kana kwamba kitu chenyewe kiko pale. Akaliunda jina lake kwa neno la Kiyunani lenye maana ya "zima", kwa kuwa habari yote ya mwanga imo.

Gabor alikosa taa ya kufaa. Leza, taa yenye mwanga uliopangika sawasawa, ilipatikana mwaka wa 1960. Baada ya hapo Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan walifanyiza hologramu ya gari la moshi la kuchezea, na mwaka wa 1964 wataalamu wenzao waliiona, wakachungulia nyuma yake kutafuta gari lenyewe limefichwa wapi. Mrusi Yuri Denisyuk naye, mwaka wa 1962, alitangaza njia yake, iliyojengwa juu ya kazi ya picha za rangi ya Lippmann yule tuliyemtaja. Gabor alipewa nishani ya Nobel mwaka wa 1971.

Katika njia zote, hii ndiyo iliyo kweli kabisa. Lakini nayo yatoza. Mwaka wa 1968 Stephen Benton wa Marekani alipata namna ya kuifanya hologramu ionekane kwa mwanga wa kawaida bila leza, na kwa kufanya hivyo alikubali kupoteza kina cha juu na chini. Hologramu nyingi zing'aazo rangi za upinde wa mvua katika kadi za benki ni za ufundi huo. Tena hologramu ya picha inayocheza ni kazi kubwa mno. Nukta zake zapasa kukaribia urefu wa wimbi la mwanga, ambao ni kama nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Piga hesabu mwenyewe: kioo cha sentimita 10 kwa 10, kisichozidi kiganja, chataka nukta bilioni 40, nazo zibadilike mara nyingi katika kila nukta ya saa.

V. Vyombo vya siku zetu

Vyombo vya umeme vilipopata vioo vyembamba, njia ya zamani ya fito ilifufuka. Mwaka wa 2002 kampuni ya Sharp ya Japani ilitengeneza simu yenye fito zisizokuwa za wino, bali za kimiminiko kinachotiwa giza kwa umeme. Mtu akitaka kusoma barua, fito huondoka, na kioo huwa kizima tena. Hili lilikuwa jambo la akili, maana mtumiaji alilipa deni pale tu alipotaka kina.

Tarehe 26 Februari 2011 kampuni ya Nintendo, ya Japani pia, ilileta chombo cha michezo kilichoitwa 3DS. Kioo chake cha juu kilikuwa na nukta 800 kwa upana, yaani 400 kwa kila jicho. Chombo cha namna hii kilifaa fito, kwa kuwa mtu mmoja hukishika mkononi, usoni pake. Hata hivyo wengi walichoka macho au walipoteza kina waliposogeza mkono, na kampuni yenyewe ilionya kwamba watoto wa miaka 6 na walio chini ya hapo wasitumie kina. Bei iliyokuwa yeni 25,000 ilishushwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo kuwa 15,000. Mwaka wa 2013 kampuni ilitoa ndugu yake chombo hicho asiye na kina kabisa, naye akanunuliwa. Vyombo vya ukoo huo viliuzwa zaidi ya milioni 75, hata vilipoachwa kufanyizwa mwaka wa 2020. Lakini wengi walivipenda kwa michezo yake, si kwa kina chake.

Kuchoka huko kuna sababu. Katika njia za fito na za matuta macho huambiwa maneno mawili yasiyopatana. Macho hugeuka kukutana mahali kitu kinapoonekana kuwapo, kumbe lenzi iliyo ndani ya jicho hujipima kwa kioo chenyewe, ambako ndiko mwanga utokako. Mambo hayo mawili kwa kawaida huenda pamoja. Yakitenganishwa kwa muda mrefu, kichwa huuma. Katika hologramu ya kweli hayatengani.

Siku hizi mafundi wametafuta njia ya kupunguza deni. Badala ya kulaza picha tisa zikingoja watazamaji, kamera ndogo hutazama macho ya mtu yako wapi, na chombo hupeleka picha mbili tu, mahali pale pale. Kampuni ya Sony ilileta chombo cha namna hii mwaka wa 2020, na Google ilitangaza mwaka wa 2021 dirisha la kuongea na mtu aliye mbali kana kwamba ameketi mbele yako. Mwaka wa 2025 mtambo wa kwanza uliotokana na kazi hiyo ya Google ulitajiwa bei ya karibu dola 25,000. Kina chake ni kizuri na picha ni safi. Lakini hupimwa kwa macho ya mtu mmoja. Jirani aketiye kando yake hapati kitu. Baada ya miaka mingi tumerudi kwenye stereoskopi ya Wheatstone: mmoja atazame, wenziwe wangoje.

VI. Maneno ya mwisho

Tukizilinganisha basi, twaona hivi. Fito ni rahisi, tena zaweza kuondolewa, lakini zinatia giza. Matuta yanang'aa na huwafaa watu wengi, lakini hugawanya picha. Jicho la nzi huonyesha kina cha pande zote, nalo hugawanya zaidi. Hologramu ni ya kweli na haichoshi macho, lakini ikitulia tu. Ikitakiwa icheze, hesabu hutushinda. Chombo chenye kamera hutoa picha bora, na humpa mmoja. Miwani ilipoondolewa, gharama yake haikupotea. Ilihamia katika mwanga, au katika usafi wa picha, au katika shingo ya mtazamaji, au katika hesabu ya walioketi pamoja.

Tena yafaa kuwaonya wasomaji juu ya jina hologramu, maana wachuuzi hulitumia ovyo. Mwaka wa 1862 Bwana John Henry Pepper aliwaonyesha watu wa London mzuka jukwaani, nao haukuwa ila sura ya mtu aliyefichwa, iliyorudishwa na kioo kikubwa kilichokaa mshazari. Mwaka wa 2012 huko California mwimbaji Tupac, aliyekuwa amekufa tangu 1996, alionekana akiimba mbele ya umati. Magazeti yakasema ni hologramu. Ilikuwa hila ile ile ya Bwana Pepper, na picha yenyewe ilikuwa bapa kama ya sinema.

Kwa hiyo, ndugu, ukisikia mtu akisifu chombo kipya cha picha zenye kina, umwulize maneno manne. Watu wangapi waweza kuona pamoja? Kila jicho lapata nukta ngapi? Mtu akigeuza kichwa yatokea nini? Na baada ya saa moja macho yana hali gani? Asiyeweza kuyajibu maneno hayo hajakijua chombo anachokiuza. Maana hata leo hakuna kioo kinachowapa wote walioketi chumbani picha yenye kina, iliyo safi, yenye mwanga, isiyochosha, tena kwa bei ya mtu wa kawaida. Wanaotafuta wangali wakitafuta.